Mtamba Aliyegeuka Kibodi

Mtamba mwekundu, mwenye mimba ya kwanza, pembe ndiyo zimeanza kukaa vizuri. Hiyo ndiyo bei ya kibodi aliyonunua mchapaji wangu. Naanza na hilo ili msomaji ajue tunaongea juu ya nini. Si simu, si runinga, si kompyuta nzima. Kibodi. Kile kibao cha vitufe tu, ambacho dukani kwangu nakiuza kwa bei ya kuku wawili, na ukibembeleza nakupunguzia.

Jina lake sitalitaja. Hapa Musoma watu walisema "naenda kwa mchapaji", na kila mtu akajua ni nani, basi na humu atakuwa huyo huyo. Alizaliwa wapi na nani, waulize ndugu zake. Mimi ninachokijua ni mikono yake, maana ilikaa kwenye fremu yangu miaka kumi na minne, karibu na mahakama, meza ya kwanza mlangoni.

Mimi mwenyewe niliishia darasa la tatu, na sioni aibu. Nilibeba dagaa mwaloni, nikanunua baiskeli, nikauza samaki mpaka Bunda, nikajenga fremu tatu mjini na nyumba Kigera, na boma la ng'ombe Butiama. Hakuna mtu alinishika mkono. Nalisema hili kwa sababu wapo wasomi wanaodhani mtu wa darasa la tatu hajui thamani ya kitu. Thamani naijua. Mnadani naweza kukuambia ng'ombe atazaa mara ngapi kwa kumwangalia anavyosimama.

Huyu mama mchapaji alifundishwa kazi Bunda, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, enzi za mashine za taipu. Aliyemfundisha alikuwa anamfunika mikono kwa kitambaa cheupe, vidole vinatembea chini yake kama panya chini ya gunia. Akichungulia, anapigwa rula. Matokeo yake hakuwahi kuangalia vitufe maisha yake yote. Aliangalia karatasi, au alimwangalia mteja usoni, mikono inaandika peke yake. Wageni walimwogopa. Kuna mama mmoja alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Baba, huyu anaandika huku ananiangalia mimi tu. Anaandika barua yangu au ananiandika mimi?"

Nikamwambia, "Vyote viwili. Lipa."

Alikuwa na tabia iliyoniudhi tangu siku ya kwanza. Ukiingia ukamsalimu akiwa katikati ya mstari, hakujibu. Kwetu mtu mzima hasalimiwi akanyamaza, hiyo ni vita. Yeye aliinua kidole kimoja, akamaliza mstari mpaka nukta, ndipo akageuka: "Marahaba, tajiri. Habari za huko utokako." Mimi mwenye duka! Nimesimama kama mtoto aliyechelewa shuleni, nasubiri nukta. Wakili mmoja alimfokea kwa hilo. Akamjibu, "Mheshimiwa, salamu inaweza kungoja. Mstari ukikatika hauungiki."

Maneno ya namna hiyo alikuwa nayo mengi, na kila moja alilisema kama anakutolea chenji. Mteja akikaa alimuuliza kwanza, "Unaomba au unadai?" Kama hujui hakuandika. Anasemaga barua ya kuomba haipigi kelele na barua ya kudai haibembelezi, na mtu akichanganya hizo mbili atarudi nyumbani mikono mitupu. Alikuja mzee mmoja kutoka Suguti, ng'ombe wa jirani wameingia kwenye muhogo wake. Mzee akaongea mpaka jasho likamtoka, akaanzia kwa babu wa huyo jirani. Mchapaji akamsikiliza mikono iko mapajani.

"Sasa mzee wangu, unaomba au unadai?"

"Nataka wajue nimekasirika!"

"Hiyo ni kudai."

Akampigia mistari minne. Akamsomea. Mzee akasema, soma tena. Akamsomea mara tatu. Mzee akavuta pumzi, akaikunja barua, akaiweka ndani ya kofia. "Sasa nimepona," akasema, akaondoka. Sidhani kama aliipeleka popote.

Barua zangu zote ni zake. Ya kiwanja, ya leseni, ya fremu ya pili nilipokuwa nanyang'anywa na mtu mwenye shahada. Nilikuwa nasema kwa hasira zangu, yeye ananitoa hasira anaacha hoja. Mara moja tu alinikatalia. Niligombea uenyekiti wa wafanyabiashara wa pale sokoni, fomu inauliza elimu, nikamwambia aandike darasa la saba. Akatoa mikono juu ya vitufe.

"Umesoma la ngapi, tajiri?"

"La tatu. Lakini andika la saba, nani atajua?"

"Vidole vyangu vitajua."

Akaandika la tatu. Nikashindwa. Aliyenishinda alikuwa na cheti na sare ya suti. Mpaka leo sijui kama niliangushwa na ukweli wake au na sura yangu, lakini siku ile sikumpa nauli ya kurudia nyumbani. Alitembea kwa miguu, na kesho yake saa mbili kamili alikuwa mezani.

Sasa msidhani alikuwa mtu wa kupenda makuu. Hapana. Alikuwa bahili mpaka akawa kichekesho. Mchana alikula michembe, vile viazi vikavu, aliyofunga kwenye leso, na chai ya rangi. Viatu vyake fundi alivishona mpaka akasema mama, sasa nashona uzi juu ya uzi. Nilipoleta feni alisema inapeperusha karatasi, upepo wa ziwa unatosha, akaendelea kuweka mawe yake matatu juu ya makaratasi. Jumamosi hakugusa kazi, alikuwa Msabato wa kweli, hata mkuu wa wilaya angekuja na dharura yake angengoja jua lizame. Mtu wa aina hii, anayekunja mfuko wa nailoni na kuuhifadhi, ndiye aliyekuja kufanya hilo nitakalosema. Ndiyo maana nilichanganyikiwa. Ningejua ni mbadhirifu, nisingeshangaa.

Ilianzia kwenye vidole. Mwaka wa kumi hivi, asubuhi vilikuwa vinakataa kukunjuka. Alikuja na beseni dogo la plastiki, akamwaga maji ya moto ya chupa, akatia chumvi, akaloweka mikono dakika kadhaa kabla ya mteja wa kwanza. Mimi niliona ni uzee unatafuta kisingizio. Nikamwambia, "Mama, unapika nini humo, samaki furu?" Wateja wakacheka. Naye akacheka kidogo, akajifuta, akaanza kazi.

Kibodi nilizomnunulia ni zile za kawaida. Chini yake pana mpira, na ukitaka herufi itoke lazima ukandamize mpaka uguse mezani. Mtu anayeandika jina lake haoni shida. Mtu anayeandika kutwa, ni sawa na kupiga ngumi meza kutwa. Hilo nalisema leo. Wakati ule nilikuwa nasema kibodi ni kibodi. Zilikuwa zinakufa, miezi sita hii, miezi minane ile, kitufe kinazama hakirudi, mimi nanunua nyingine ya aina ile ile, na nilijiona tajiri mwema.

Siku moja alikuwa anatoka posta. Akapita mbele ya kibanda cha fundi kompyuta, kijana mtu mzima mwenye ndevu, ambaye kazi ikipungua anacheza magemu. Mchapaji akasimama barabarani. Fundi mwenyewe ndiye alinisimulia. Mama akachungulia ndani akauliza, "Nani huyu anapiga taipu?" Alidhani ni mashine ya zamani. Ilikuwa kibodi ya kuchezea gemu, nzito kama tofali, imejaa taa za rangi kama gari la harusi, kila kitufe kina springi yake na mlio wake. Fundi akamwambia, kaa ujaribu. Akakaa. Akafumba macho. Akaandika ukurasa mzima wa barua ya kiofisi ambayo haikuwa ya mtu yeyote.

"Hii ukigusa nusu tu, imeshaandika," fundi akamweleza. "Hukandamizi mpaka chini. Na sauti inakuambia imeingia."

Mama akasema, "Kumbe bado najua." Hilo tu. Fundi anasema aliondoka bila kuaga.

Kesho yake akaniomba. Niliuliza bei, nikacheka mpaka nikakaa chini. "Mama mzima, unataka kuua mazimwi kwenye kompyuta?" Akaniomba tena baada ya msimu wa mvua, akiwa amefunga kidole kimoja kwa kitambaa. Nikamwambia kuku wawili naweza, ng'ombe hapana. Mara ya tatu hakuongea sana. Alisimama mbele yangu akasema, "Tajiri, mikono hii inakwisha. Ile itaniongezea miaka. Sijui mingapi, lakini itaniongezea. Nikiacha kuchapa sina kingine."

Nikamjibu, na jibu langu nalikumbuka vizuri maana nililiona la busara: "Kitu kisichozaa hakinunuliwi kwa bei ya kitu kinachozaa."

Watu waliokuwepo wakatikisa kichwa, wakasema mzee amenena. Naye akarudi mezani.

Hapa lazima niseme juu ya mtamba. Alipotimiza miaka kumi kwangu, nilimpa ndama jike. Hakuna tajiri mwingine Musoma aliyemfanyia hivyo karani wake, ulizeni. Ndama akakaa kwenye boma langu Butiama pamoja na wangu, kama desturi ilivyo, maziwa ya mchungaji, uzao wa mwenyewe. Akakua akawa mtamba mzuri kuliko hata wangu. Na kwetu ng'ombe wa kupewa hauzwi hivi hivi. Yule ni mkono wa aliyekupa. Ukibanwa na shida unamwendea, unamwambia nimebanwa, naye anakusaidia au anakuruhusu. Hata mtoto mdogo anajua.

Jumapili moja nikafika bomani, nikapitisha macho, mwekundu hayupo. Mchungaji akasema mwenyewe alikuja Ijumaa na mnunuzi, jirani yangu wa upande wa mto, wakamchukua. "Nimzuie vipi, baba? Si ng'ombe wake?"

Nilirudi Musoma siku ile ile na sikula. Jumatatu nikafika dukani nikasikia kabla sijaona. Ka-ka-ka-ka-ka. Kama mvua ya mawe juu ya bati. Kidude kipo mezani, cheusi, kizito, taa zake amezizima zote isipokuwa nyeupe. Kilikuja na basi kutoka Dar, fundi ndiye aliyeagiza. Na yeye amekaa, mgongo umenyooka, na sura ambayo sijaiona kwake, sura ya mtu aliyevua kiatu kilichokuwa kinambana.

Sikumsalimu. Nilisimama juu yake. Akainua kile kidole chake, nimngoje afike kwenye nukta. Nikakipiga kile kidole. Nimekusudia kusema yote, basi na hilo nimelisema. Sikumpiga kwa nguvu, lakini ni kidole kile kile cha beseni la chumvi.

"Umeuza mkono wangu," nikasema.

Akaushika mkono wake kwa mkono wa pili.

"Nimeuza ng'ombe, tajiri."

"Niliyekupa mimi!"

"Nilikuomba mara tatu. Ya nne ningekuwa nadai, na mimi kwako sikuwa na cha kudai." Halafu akaniangalia usoni vile anavyowaangalia wateja. "Nikuulize jambo. Yule ng'ombe, ulinipa au ulinikopesha?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nikatafuta moja. Nikasema, "Hicho kidude hakikai dukani kwangu. Chagua."

Akachagua. Alichomoa waya taratibu, akauzungusha, akaufunga kwa raba. Akachukua mawe yake matatu. Mawe, jamani. Akatoka.

Nilijua atarudi. Nilisema, atarudi Ijumaa. Alihamia barazani ng'ambo ya barabara, kwa fundi cherehani aliyempa pembe ya meza, akaanza na kompyuta kuukuu ya mkopo. Nami nikaajiri msichana mwenye cheti. Anaandika anaangalia vitufe, vidole viwili, kama kuku anayedonoa. Wateja wakakaa kwangu wiki moja, ya pili wakaanza kusema "tunakuja, mzee," wakavuka barabara. Mlio ule niliusikia kutoka kwangu kutwa, na nilianza kuufahamu. Ulipokwenda mfululizo alikuwa anadai. Ulipokwenda kwa vituo alikuwa anaomba. Niliweka redio. Nikaongeza sauti ya redio. Mwisho nikaondoa meza ya kuchapa, nikaweka misumari na makufuli.

Na sikumwacha. Mtamba alipozaa kwa yule jirani, nilituma mtu avuke barabara akamwambie: ng'ombe wako amezaa, ila si wako. Alipozaa mara ya pili nikatuma tena. Nilitaka kila ndama amfikie. Jibu lilikuwa moja: "Mwambie tajiri ahsante kwa habari."

Alichapa pale miaka minne. Fundi cherehani anasema asubuhi beseni lilikuwepo, lakini maji yalikuwa ya vuguvugu tu, siyo ya kuunguza. Kisha siku moja vidole vikakataa kabisa, akafunga, akarudi kwao Mwitongo, kule Butiama. Nami nikaambiwa na watu, kama ninavyoambiwa bei ya saruji.

Mwaka huu, muhogo ukiwa umeshaanikwa, nilikwenda. Nilijiambia napita tu kutoka bomani kwangu. Nilibeba sukari na sabuni. Nikamkuta kwenye kiti cha kamba mlangoni, mikono ipo mapajani, vidole vimejikunja kama miguu ya kuku aliyekwisha kuchinjwa. Nikapiga hodi nikasalimu. Safari hii alijibu papo hapo, hakuwa na mstari wa kumaliza. Afadhali angeninyamazia.

Ndani, mezani, kitambaa cheupe kimefunika kitu. Kompyuta aliiuza, akanieleza. Viti aliviuza. Hicho hakukiuza.

Nikakaa. Sikujua pa kuanzia, nikaanza na niliyoyazoea. "Yule ng'ombe amezaa tena. Wa tatu."

"Jike?"

"Jike."

"Vizuri," akasema. "Ng'ombe mzuri yule. Ulichagua vizuri, tajiri."

Sikuona kejeli usoni kwake, na nilitafuta. Ningeiona ningepata pa kushika.

Tukanywa chai, yeye akishika kikombe kwa viganja viwili. Halafu akaniambia, "Nenda pale mezani. Usifunue kitambaa. Ingiza mikono chini yake ubonyeze, nisikie tu. Wajukuu wanaogopa kukigusa."

Nikaenda. Mimi, na umri huu. Nikaingiza mikono chini ya kitambaa, nikabonyeza. Ka. Ni kweli, kinaitika kabla hujafika chini. Kidole hakifanyi kazi, kinapita tu. Nikabonyeza tena. Nilikaa pale nikaelewa kitu ambacho alinieleza mara tatu kwa maneno ya kawaida.

"Unabonyeza kama unapima parachichi," akasema kutoka mlangoni. Hakugeuka.

Waya ulikuwa umefungwa tena kwa raba, hakikuunganishwa na kitu. Hakuna karatasi wala kioo, hakuna atakayeona. Nikainua kitambaa upande mmoja, yeye amenipa mgongo, nikatafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja. Nikaandika jibu la swali la siku ile: nilikupa.

Akauliza, "Umeandika nini?"

"Jina langu."

Akageuza kichwa.

"Jina lako ni refu kuliko hilo, tajiri. Nimelichapa miaka kumi na minne."

Nikasema nimelikatisha. Akasema haya. Nikafunika kitambaa vizuri, nikamwachia sukari yake, nikaondoka kabla ng'ombe hawajarudi.

Siku hizi wanakuja vijana dukani wanauliza, mzee, zile kibodi za springi unazo? Ninazo mbili, juu ya kabati. Wanauliza kama kweli zina thamani ya pesa yote hiyo. Nawaambia inategemea mikono. Wanacheka, wanasema punguza. Sipunguzi. Haya yote nimeyaandika kwa kalamu, maana wa kunichapia sina.

Mwitongo si mbali na hapa, na nauli ninayo. Neno lenyewe ni moja, nalijua, nimeshaliandika. Bado sijaenda.